Kucha Nilizozirithi

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa damu, na muuguzi aliponipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti nikajikuta nimefumba macho. Si kwa kuogopa sindano. Harufu ile ilinichukua ghafla na kunirudisha kwenye chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza ya mbao isiyo na rangi, na mtu mwenye koti jeupe aliyenishika kidole gumba kwa uangalifu, kama mtu aliyeshika yai. Muuguzi akaniuliza kama nasikia kizunguzungu. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka shangazi yangu. Hakunielewa, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikamwachia kiti aliyefuata.

Nilizaliwa sina kucha kwenye vidole gumba. Mahali ambapo wenzangu walikuwa na ukucha, mimi nilikuwa na ngozi laini tu, imejikunja kidogo kama jicho lililolala. Kwenye vidole vya shahada zilikuwepo nusu nusu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na kadiri ulivyokwenda upande wa nje zilizidi kuwa nzuri, mpaka ukifika kidole cha mwisho unakuta ukucha kamili, kana kwamba aliyenitengeneza alianza kazi akiwa hana vifaa akavipata mwishoni. Watoto wa mtaani waliniita Gumba Kipara. Niliitika. Mtoto huitika jina lolote akiitwa kila siku.

Tulikaa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyokuwa na wapangaji wanne. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mwisho, karibu na uani. Kimoja cha baba na mama, kingine changu mimi na Shangazi Somoe. Huyu Shangazi Somoe alikuwa dada mkubwa wa baba. Wazazi wao walifariki mapema huko Lindi, naye ndiye aliyemlea baba, akambeba mgongoni, akampeleka shule, na baba alipopata kazi ya kupakua mizigo bandarini akamfuata mjini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika hadi kwa jirani wa tatu. Akipanda ngazi hushika goti kwa mkono mmoja kama anayelizuia lisimkimbie. Na vidole vyake havikukosa hina hata wiki moja, hina nyeusi tii, mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Kuhusu kucha zangu, Shangazi alikuwa na maelezo yake, nayo aliyatoa hadharani.

"Mama yake alikata kucha jua limeshazama, mimba ikiwa changa," aliwaambia wanawake waliokuja kuteka maji bombani. "Nilimkataza. Nilimwambia, wifi, subiri asubuhi. Sasa matokeo ndiyo yale."

Mama alikuwa akisikia. Alikuwa mtu wa Magomeni, mpole, asiyejua kujibizana. Aliendelea kupepeta mchele wake. Lakini niliona jinsi ungo ulivyoongeza kasi. Mimi nilimwamini Shangazi moja kwa moja. Nilikuwa nikizitazama kucha za mama, safi, zenye umbo zuri, na kujiuliza ni zipi kati ya zile alizokata jioni hiyo zilizokuwa zangu, na zilitupwa wapi.

Mambo yalianzia shuleni. Ninyi mliosoma wakati wetu mtakumbuka ukaguzi wa Jumatatu: baada ya mchakamchaka tunapanga mistari, mwalimu wa zamu anapita na rula, mikono mbele, viganja chini. Nilikuwa darasa la tatu. Walimu wa zamani walinizoea, walinipita kama mtu anavyopita ukuta. Lakini mwaka ule alikuja mwalimu mgeni, kijana mwenye haraka, na aliponifikia akasimama.

"Umezitafuna!"

"Hapana, mwalimu."

"Mpaka nyama umetafuna! Kunja vidole."

Rula ya mbao ikishuka juu ya ncha za vidole, maumivu yake hupanda hadi kwenye meno. Nilipigwa Jumatatu tatu mfululizo. Ya nne sikulia, na nadhani hilo ndilo lililomfanya mwalimu mkuu atoke ofisini. Alikuwa mama mmoja mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinishika mkono, akanipeleka dirishani penye mwanga, akavitazama vidole vyangu kimoja kimoja. Kisha akamwambia yule kijana, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, hizi hazijatafunwa. Hizi hazikuota." Akakaa kitini, akaandika barua kwa hospitali kubwa.

Nyumbani barua ile iliwasha moto. Shangazi alisema hospitali ni ya wagonjwa, na kwamba kama mama anataka kutibu alichokiharibu aende kwao Magomeni akatafutiwe dawa huko, akae hata mwaka. "Na mdogo wangu apumzike kwanza," akaongeza, "asije akaletewa mwingine kama huyu." Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akifungua kamba za viatu vyake vya kazi. Hakumuunga mkono dada yake. Hakumpinga pia. Mama alimtazama kwa muda, akasubiri aseme neno, halafu akaikunja ile barua na kuifunga kwenye pindo la khanga.

"Jumatano tunakwenda," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kitu bila kumwomba mtu.

Tulikatiza viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, mimi nimevaa gauni la sikukuu. Hospitalini tulikaa kwenye benchi hadi jua lilipokuwa utosini. Daktari aliyetupokea aliitwa Shirima, kijana wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye kusema polepole kama anayehofia kumwamsha mtu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Unaniruhusu nivione vidole vyako?"

Aliniomba mimi, si mama. Nilishangaa hata nikasahau kuvificha.

Alinipangusa kwa spiriti, akanilaza kiganja juu ya karatasi, akazungushia penseli taratibu. Baada ya mkono kuchoreka, akajaza kila ukucha kama ulivyo: uliopo kamili, ulio nusu, na usiokuwepo akauacha wazi na kuandika maneno pembeni. Akaleta kioo cha kukuzia vitu, akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ule weupe wa chini ya ukucha, ambao kwa watu wengine umepinda kama mwezi mwandamo, kwangu ulikuwa na ncha, kama paa la nyumba. "Umeona?" akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Hili nimelisoma kitabuni. Sijawahi kuliona kwa mtu." Kisha akaninyoosha viwiko, akanibonyeza magoti, akaandika tena.

Mama alikuwa akilizungusha pindo la khanga yake vidoleni. "Daktari," akasema, "ni kweli ni kwa sababu nilikata kucha jioni?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani kakwambia hivyo?"

"Watu."

"Watu wamekosea, mama. Hukufanya kosa lolote. Kucha hizi ni za kurithi, na wewe mikono yako nimeiangalia, hazikutoka kwako. Nadhani amerithi kwa baba yake. Basi mlete upesi nimwone, pamoja na ndugu zake kama wapo. Na ninataka kuziangalia figo, maana wenye kucha kama hizi wakati mwingine figo huwasumbua baadaye."

Mama alianza kulia. Alilia kwa namna ambayo sikuijua, huku mabega yakishuka, kama mtu anayetua ndoo. Leo naielewa. Lakini wakati ule nilisikia maneno mawili tu, kurithi na figo, na yote mawili niliyajua vizuri.

Figo nilizijua kwa muuza nyama wa sokoni. Ukitaka kuziona figo, lazima kwanza zitolewe ndani na kutundikwa kwenye ndoana. Na kurithi nilikujua kwa jirani. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikufa mzee mmoja fundi cherehani, na baada ya arobaini wanawe walikuja kurithi. Mmoja alirithi cherehani, mwingine redio, wa tatu kitanda. Watu walisema hivyo hivyo: amerithi kwa baba yake. Nikajumlisha. Mtu harithi mpaka mwenye mali afe. Mimi nimeshazirithi kucha. Daktari amesema baba aletwe upesi. Na mama analia.

Kwa hiyo baba yangu alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa nimemrithi kabla hajafa.

Sikumwambia mtu, na mama naye alikuwa hajamwambia baba maneno ya daktari. Siku zilizofuata nilimlinda. Aliporudi kutoka bandarini nilikuwa nimesimama kwenye kona, nikimhesabia hatua. Alipokula nilikaa mbele yake kuhakikisha anameza. Alipokohoa nilitetemeka. Aliniuliza kama nina homa, nikasema sina. Ijumaa nikasikia akimwambia mama kwamba kesho yake ataingia zamu ya mchana, na kwamba meli iliyotia nanga ina mizigo mizito. Nikaona hiyo ndiyo siku yenyewe. Asubuhi ile, baba akiwa msalani, nilivichukua viatu vyake vya kazi nikavizika kwenye pipa la mkaa.

Alivitafuta chini ya kitanda, uani, kwa wapangaji. Muda wa kazi ulikuwa unakaribia. Mwishowe aliniona nimesimama kando ya pipa, mikono nyuma, nimechafuka hadi kwenye viwiko.

"Mwajuma. Viatu viko wapi?"

Nikaangua kilio. "Sitaki kurithi! Kucha zirudishe wewe, sizitaki, usife!"

Baba alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha ngeni. Akachuchumaa. "Nani kasema nakufa?"

"Daktari. Amesema nimerithi kwako."

Mdomo wake ukacheza, lakini hakucheka. Kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Alinivuta, akanikalisha kwenye goti lake pamoja na mkaa wangu. "Mama, hii pua yako umerithi kwa nani?"

"Kwako."

"Na mimi niko wapi?"

"Uko hapa."

"Basi. Kuna kurithi kwa maiti na kuna kurithi kwa mtu mzima anayetafuta viatu vyake."

Sijui kama mmewahi kuupata unafuu unaotoka miguuni. Nilimlalia kifuani nikanusa jasho lake na vumbi la magunia, na ningeweza kulala pale pale. Nikamshika mkono kumchunguza, maana sasa nilikuwa na ujuzi wa kidaktari. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yakikipita kila siku. Kucha za vidole gumba vyake zilikuwa zimepasuka katikati na kubonyea. Sote tulijua ni kazi ya bandarini, minyororo na makreti. Lakini kwenye kidole cha kati, chini ya uchafu wa kazi, niliuona ule weupe wenye ncha.

"Baba, una paa la nyumba."

Nilimweleza. Akavileta vidole vyake karibu na macho, akavitazama kwa muda mrefu. "Mbona zilikuwa hivi kabla ya bandari," alisema, kama anaongea peke yake. "Dada aliniambia nilibanwa na mlango nikiwa mdogo." Akavitazama vidole vya mkono wa pili. "Mikono yote miwili?"

Hakwenda kazini siku ile. Alikwenda uani, mimi nikimfuata nyuma. Mama alikuwa anafua. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua mchicha.

"Dada," baba alisema, "nilibanwa na mlango gani?"

Shangazi aliendelea kuchambua. Niliona jani moja likichambuliwa mara mbili, mara tatu, mpaka likaisha mkononi.

"Dada, nakuuliza. Mlango gani huo uliobana mikono yote miwili?"

Akaliweka sinia chini. Akainyoosha mikono yake miwili juu ya mapaja, ile mikono ya hina, akaigeuza ituelekee. Nilisogea karibu. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mikono hiyo tangu nilipoachishwa ziwa, na sikuwahi kuitazama. Kwenye vidole gumba hapakuwa na ukucha. Hina ilikuwa imepakwa juu ya ngozi.

"Hapakuwa na mlango," alisema Shangazi, na ile sauti ya kusikika kwa majirani haikuwepo. "Niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita. Siku ya saba mama mkwe aliniogesha, akaniona vidole. Akasema nyumba yake haizai watoto wenye mikono ya kinyonga. Nikarudishwa nyumbani na sanduku langu. Tangu siku hiyo nikapaka hina. Na wewe, mdogo wangu, nilikuambia mlango ili usijue. Alipozaliwa huyu," akanitazama, "nilijua siku ile ile. Nikaogopa wifi atauliza zimetoka wapi. Nikasema kabla sijasemwa."

Mama alikuwa amesimama, povu likimchuruzika mikononi.

"Miaka tisa, wifi," alisema. "Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza nilikata ukucha upi."

"Najua."

"Mimi nilikuwa naogopa hata kuzaa tena."

"Najua. Nisamehe, mwenzangu."

Mama hakusema amesamehe. Alirudi kwenye beseni lake, akafua shuka lile lile kwa muda mrefu, na hapana aliyethubutu kumsemesha. Siku tatu zilipita hivyo. Siku ya nne alimtengea Shangazi chakula kwa mkono wake na kumwambia, "Kesho jiandae mapema. Daktari anataka ndugu wote." Sidhani kulikuwa na msamaha mwingine zaidi ya huo, na ulitosha.

Tulikwenda wanne. Daktari Shirima alipoiona mikono ya Shangazi alisimama kabisa. Alichora karatasi kubwa: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, na mistari ya kuunganisha. Akaniomba nimsaidie kutia wino kwenye wenye kucha kama zetu. Nikamtia Shangazi, nikamtia baba, nikajitia mimi. Shangazi akamtaja na marehemu mama yao, ambaye naye alipenda hina sana, nikamtia pia. Duara la mama likabaki jeupe, na niliona akiliangalia.

Tulipigwa picha, mikono yetu mitatu imelazwa juu ya kitambaa cheusi. Shangazi aliomba aende kwanza akajipake hina upya. "Hapana, mama," daktari alisema, "ingekuwa vizuri hata hiyo iliyopo isingekuwepo." Magoti yetu yakapigwa eksirei. Ikaonekana kwamba pia ya goti la Shangazi, ule mfupa wa duara wa mbele, ni ndogo kama kokwa ya ukwaju, na inateleza kutoka mahali pake; ndiyo sababu maisha yake yote alikuwa akilishika goti. "Kumbe!" alisema, na akarudia njia nzima, "Kumbe si uzee!"

Mimi nilikuwa nikingojea zamu ya figo. Nilikuwa nimeamua kutopiga kelele. Muuguzi alipoingia nikalala kitandani mwenyewe nikafumba macho, tumbo wazi. Akanipa chupa ndogo.

"Kakojoe humu."

"Na figo?"

"Ndizo hizo. Mkojo ndio unaosema habari zake."

Nilikojoa nikicheka peke yangu, hata nikalowesha viatu.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata. Figo zetu sote zilikuwa nzima. Daktari alisema turudi kila mwaka kupima mkojo, kwa maana tatizo likianza mapema huonekana humo kabla mtu hajaumwa, na kwamba kucha zenyewe hazina dawa wala hazihitaji. "Si laana, si ugonjwa wa kuambukiza, si kosa la mtu yeyote," alisema, akimtazama Shangazi. Akamwandikia mwalimu mkuu barua, na Jumatatu iliyofuata yule mwalimu kijana alinipita mstarini, akarudi, akaniambia "Samahani, binti," kwa haraka yake ile ile.

Mwaka uliofuata mama alishika mimba. Hakuogopa, au kama aliogopa hakutuonyesha. Alikata kucha zake saa yoyote aliyotaka. Mdogo wangu alizaliwa asubuhi ya mvua, na mimi na Shangazi tuliingia wodini na chupa ya chai ya tangawizi. Tulimkuta mkunga ameifungua ngumi ya mtoto, uso umemkunjamana.

"Mama," alikuwa akimuuliza mama kwa sauti ya wasiwasi, "ulipokuwa na mimba ulitumia dawa gani? Ulikula nini? Mtoto hana kucha za gumba."

Kabla mama hajafungua mdomo, Shangazi alikuwa ameshafika kitandani. Aliiweka mikono yake miwili juu ya shuka jeupe, mbele ya mkunga yule, na haikuwa na hina hata chembe.

"Hajala kitu," alisema, na safari hii nadhani wodi nzima ilisikia. "Mtoto ni wetu huyo. Mpimeni mkojo tu akikua."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akanywa chai yote, akageukia ukutani, akalala usingizi mzito huku mtoto akiwa mikononi mwa Shangazi.